Sindano au Wembe

Kizibo cha chupa ya chai kililia kwii, mara moja tu, kisha kikanyamaza.

Perez alikuwa macho tayari. Alikuwa amelala kwenye godoro chini, ubavuni mwa mjukuu wake, na alijua vizuri sauti ile inatoka wapi. Jacinta, mke wa mwanawe, alikuwa jikoni gizani akijimiminia chai polepole, mtoto asisikie. Mtoto alikuwa amekatazwa kula na kunywa tangu jana, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kupasuliwa. Basi mama mtu anaifungua chupa yake mwenyewe kama mwizi. Perez aliuona wema huo, akatabasamu gizani.

"Dani," mtoto alinong'ona. Ndivyo alivyomwita bibi yake. "Nimesikia chai."

"Umesikia panya."

Kijiko kikagonga kikombe.

"Panya wa hapa Migosi wanatia sukari?"

Perez alimziba mdomo kwa kiganja, wote wawili wakacheka chinichini mpaka godoro likatikisika.

Jina lake Emmaculate, umri wake miaka tisa. Alizaliwa na ugonjwa wa damu wa siko seli, na mwaka huo ugonjwa ulikuwa umempata pabaya zaidi: kwenye wengu, kile kiungo kidogo kinachokaa chini ya mbavu za kushoto. Wengu wake ulikuwa umeanza kumeza damu. Mara tatu tumbo lilimvimba ghafla upande huo, kope zikawa nyeupe kwa ndani, na mara tatu akaokolewa kwa kuongezewa damu ya watu wengine. Safari ya tatu daktari alisema wengu utolewe, kwa sababu ya nne huenda isiwakute hospitalini.

Perez ndiye aliyempeleka mtoto kliniki kuandikishwa. Alikuwa ametoka kwake Luanda Kotieno, ambako amekausha na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, tangu ujana wake, akaja mjini kwa kuwa Jacinta hakupata ruhusa kazini. Opiyo, mwanawe, ni fundi wa friji, na siku hiyo alikuwa ameitwa mbali. Hivyo bibi alikwenda, akajibu maswali yote, akarudi na tarehe. Alijivunia tarehe ile. Aliikunja ndani ya leso akaitia kifuani.

Leo ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe.

* * *

Saa mbili asubuhi Emmaculate alikuwa kitandani hospitalini, amevaa gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Daktari Nekoye alikuja mwenyewe na faili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na kabla ya kusema lolote alisugua mikono yake pamoja ili isimguse mtoto ikiwa baridi. Perez aliona.

"Vipimo vizuri. Damu ya akiba ipo," daktari alisema akifunua karatasi. "Nimebakiza kadi ya chanjo tu. Hapa imeandikwa amechanjwa za wengu, Luanda Kotieno."

Jacinta alimtazama mama mkwe. "Mama, kuna kadi?"

"Kadi ya nini tena?" Perez aliinuka kwa furaha. Swali hili alilijua. "Daktari, amechanjwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika. Hebu tazama."

Akalifunua gauni upande wa kushoto. Juu ya tumbo lililovimba kulikuwa na vimistari vyeusi, safu tatu za chale zilizopona zamani, kila kimoja urefu wa punje ya mchele.

Brandon, muuguzi kijana aliyekuwa akifunga kitambaa cha kupima presha, alikiacha kikaning'inia.

"Nani alimchanja, Mama?" daktari aliuliza taratibu.

"Jirani yangu Seline. Ni mzee kuliko mimi, anatembea kwa mkongojo, lakini alikuja mpaka kwangu kwenye mvua, na hakutaka hata kikombe cha uji. Wembe ulikuwa mpya kabisa, tuliufungulia pale pale. Kisha akapaka dawa yake."

Brandon aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Ni yeye aliyejaza ile fomu, siku ile ya kliniki, watu wakiwa wamepanga foleni mpaka nje ya mlango. Aliuliza, "Huyu amechanjwa za wengu?" Bibi akamjibu, "Amechanjwa." Akauliza, "Wapi?" Bibi akasema, "Kwetu, Luanda Kotieno." Naye akaandika zahanati ya Luanda Kotieno, akaweka alama ya ndiyo, akamwita anayefuata.

Hakuna aliyedanganya. Katika maisha yote ya Perez, kuchanja ilikuwa kazi ya wembe. Mtoto akivimba wengu huchanjwa wengu. Sindano ni jambo jingine. Sindano mtu anadungwa.

"Mama," Daktari Nekoye alisema, na akamketisha Perez, akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana. "Mimi nilikuwa naulizia sindano. Wengu ndio unaopambana na vijidudu fulani vya hatari. Nikiutoa, mtoto anabaki bila mlinzi wake. Kwa hiyo kwanza tunamdunga chanjo, tunaupa mwili wiki mbili ujifunze, ndipo tunapasua. Nikimpasua leo hivi alivyo, homa moja tu inaweza kumwondoa kwa siku moja."

"Kwa hiyo leo..."

"Leo hapana."

Perez alihisi leso yake kifuani, ile iliyobeba tarehe. Alitaka kuketi, akakumbuka kwamba ameketi tayari.

* * *

Opiyo aliingia wakati huo huo, akiwa bado na vumbi la pikipiki viatuni. Jacinta alimweleza kwa maneno machache. Hakuyapokea vizuri.

"Kwa hiyo bila sindano hamumtibu mwanangu?"

"Namtibu," daktari alisema. "Simpasui kabla ya chanjo."

"Si ni yale yale! Mwaka ule wa korona niliambiwa getini kazini, bila cheti huingii. Sikukataa sindano mimi, Daktari. Nilikataa kuambiwa lazima. Mtu mzima anaulizwa. Na huyu alipata zote za utotoni, nilimbeba mwenyewe."

"Ulifanya vizuri sana, na zimemsaidia mpaka leo. Hizi ni nyongeza, za mtoto anayetolewa wengu."

"Na nikikataa? Sheria inakuruhusu kunifungia mlango?"

Daktari Nekoye hakupandisha sauti. "Baba Emmaculate, nikuambie ukweli. Angeletwa hapa wengu umepasuka, ningempasua saa hii hii, wala nisingemuuliza mtu kadi. Angekuwa na sababu ya mwili wake kutopokea chanjo, tungetafuta njia nyingine. Hana. Na leo tuna muda. Nikiwa na muda nisiutumie, hilo ni kosa langu mimi, wala si lako. Huwezi kulazimishwa kutia sahihi. Lakini na mimi siwezi kulazimishwa kushika kisu wakati najua ninamwacha mtoto wazi. Ukitaka daktari mwingine amtazame, nitakuandikia barua leo na nitampigia simu mwenyewe."

"Maneno matamu," Opiyo alisema, "lakini lazima ni lazima tu."

"Ndiyo," daktari alisema. "Ni lazima. Siwezi kuipaka rangi."

Emmaculate, ambaye wote walikuwa wamemsahau, alijiinua kwa kiwiko. "Baba, hata chai walisema lazima nisinywe. Hukuwagombeza."

Mwanamke wa kitanda cha jirani alicheka akafunika uso kwa shuka. Lakini kidevu cha Opiyo bado kilikuwa juu, na Perez alikijua kidevu kile tangu hakijaota ndevu. Kikikaa hivyo, mwenye nacho anaweza kumbeba mtoto wake akaondoka naye, kisha ajute njiani.

"Opiyo," aliita. "Fungua shati."

"Mama?"

"Upande wa kushoto. Sitakuchapa, fungua."

Alifungua vifungo viwili kwa aibu. Pale pale, chini ya mbavu, palikuwa na safu tatu za vimistari, vimetanuka kwa miaka, vimefifia.

"Ulikuwa na miaka sita," Perez alisema. "Ulilia, ukaniita jina langu la utotoni ulilomsikia nyanya yako akinitania nalo. Hukunipa ruhusa. Nilikubana miguu kwa magoti yangu, Seline akakukata. Mwaka jana nikamshika na huyu. Sikuwauliza, nyote wawili. Nilikuwa naogopa mtafia mikononi mwangu, na wembe ndio niliokuwa nao." Alimwonyesha Daktari Nekoye kwa mkono. "Sasa ninaambiwa kuna kitu kizuri kuliko wembe. Anayeniambia amesugua mikono kabla ya kumgusa mtoto, na amekaa chini kuzungumza nami. Ukitaka kumkasirikia mtu aliyekulazimisha, nikasirikie mimi. Mimi ndiye niliyejibu vibaya."

"Hukujibu vibaya, Dani," Brandon alisema haraka. "Mimi ndiye sikuuliza vizuri. Ningeomba kadi siku ile, leo tungekuwa tumemaliza. Kosa ni langu, nitaliandika hivyo."

Perez alimtazama kijana yule. Angeweza kunyamaza. Bibi wa kijijini asiyejua neno angebeba lawama yote na hakuna ambaye angeshangaa. Alimshika mkono akaubana.

Opiyo alikuwa bado ameweka kidole juu ya makovu yake. Alipozungumza alizungumza na mtoto. "Ema, unasemaje wewe?"

"Sindano ngapi?"

"Tatu," daktari alisema.

"Halafu nitapewa chai?"

"Saa hiyo hiyo."

"Basi waanze," Emmaculate alisema, akakunja mikono yote miwili ya gauni.

* * *

Kabla hawajaondoka, Daktari Nekoye alichukua vidole vya Perez akaviweka juu ya tumbo la mtoto, akavibonyeza chini taratibu mpaka vikakutana na ukingo mgumu.

"Huo ndio wengu. Umeusikia?"

"Nimeusikia. Kama mkate mbichi chini ya kitambaa."

Daktari alichora mstari kwa kalamu ya wino pale ukingo ulipoishia, chini kidogo ya chale za Seline. "Kila asubuhi utaupapasa. Mstari ukifutika, chora tena pale pale. Ukingo ukivuka mstari, usingoje baba arudi, usingoje macho yageuke rangi. Njoo mbio."

Jacinta alitaka kujifunza pia, akajifunza, lakini vidole vya Perez ndivyo vilivyokuwa na kipaji. Kwa miaka arobaini vilikuwa vimejua kwa kugusa tu kama omena imekauka au bado ina maji ndani. Kila alfajiri alivipasha moto kwenye kikombe cha chai, kisha akavipeleka chini ya blanketi.

"Uko wapi leo?" Emmaculate aliuliza.

"Nyumbani kwake. Haujavuka mpaka."

Opiyo hakuwa amekubali kila kitu, na Perez hakumsukuma. Siku ya tano alipigiwa simu wakiwa mezani. Mwenye duka la samaki alitaka friji itengenezwe bila kuzimwa, kwa sababu ilikuwa imejaa sangara.

"Hapana Mzee, zima kwanza," Opiyo alisema kwenye simu. "Hamisha samaki, zima, ndipo nije... Sikulazimishi, Mzee. Lakini ikiwa na umeme mimi siifungui. Ndiyo, lazima."

Alikata simu. Jacinta alikuwa anamtazama huku kijiko kimesimama hewani. Perez alikuwa anatazama sahani yake kwa bidii nyingi. Kicheko kilianzia kwa Emmaculate, kikamfikia Jacinta, na mwishowe Opiyo mwenyewe akaweka uso mikononi akacheka mpaka akapaliwa na ugali.

"Kuleni," alisema. "Kuleni, mmenishinda."

Siku ya tisa Perez alipasha vidole vyake moto, akavipeleka chini ya blanketi, na ukingo haukuwa nyumbani kwake.

Ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Macho ya mtoto yalikuwa bado sawa, tena alikuwa anaulizia uji. Mtu mwingine angesema tungoje tuone. Perez alimvika sweta, akamwita Opiyo kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu mwanawe akiwa mdogo na ziwa limechafuka, na kabla ya saa moja walikuwa mlangoni pa hospitali. Walipofika, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kufifia. Brandon alikuwa zamu. Hakuuliza hata swali moja. Aliona vidole vya Perez vikionyesha mstari, akambeba mtoto mwenyewe, akakimbia.

Damu iliingia tone kwa tone mchana kutwa. Opiyo alisimama dirishani. Daktari Nekoye alipotoka, alimgeukia.

"Ungempasua siku ile, tusingekuwa hapa leo."

"Inawezekana," daktari alisema. "Na inawezekana tungekuwa hapa kwa homa ambayo siwezi kuizuia. Siwezi kukuapia. Leo damu isingetulia ningempasua bila kungoja hata saa moja. Imetulia. Wengu umeanza kurudi chini. Mama yako amemleta mapema sana. Jioni ingekuwa habari nyingine."

Opiyo alihesabu kwa vidole. "Zimebaki siku tano."

"Tano. Na hizo atazimalizia hapa hapa kitandani, tukimwangalia."

"Sawa, Daktari. Mimi nitalala kwenye benchi."

Alilala kwenye benchi siku zote tano. Mwanamke aliyecheka siku ile alimwachia shuka lake la akiba. Jina lake Terry, na hakutaka shuka lirudishwe.

* * *

Katika siku zile za kungoja, Daktari Nekoye alimwomba Perez jambo la ajabu. Alimwomba aje kwenye kliniki ya Alhamisi akae mezani karibu na Brandon, asikilize wazazi wanavyoulizwa.

Perez alivaa gauni lake la kanisani. Aliketi. Akamsikia Brandon akimuuliza bibi mmoja kutoka upande wa Maseno, "Mtoto amechanjwa?" na bibi akajibu kwa heshima, "Amechanjwa."

"Subiri," Perez alisema. Akamwinamia mwenzake, akauliza kwa sauti ya jirani, "Kwa sindano au kwa wembe?"

Bibi yule alishangaa. "Kwa wembe, dada. Kwani kuna nyingine?"

Brandon aliweka kalamu chini.

Asubuhi ile, kati ya watoto kumi na mmoja, walipatikana wawili ambao karatasi zao zingesema ndiyo ilhali walichanjwa kwa wembe tu. Hakuna bibi aliyechekwa. Perez hakuruhusu, kila mmoja alimshika mkono kwanza, akamwambia, "Hata mimi." Wiki iliyofuata fomu ilikuja imechapwa upya. Pale palipoandikwa zamani *Amechanjwa?* sasa palikuwa na maneno mengine: *Sindano au wembe? Omba kadi.* Brandon alimletea nakala moja. Perez aliisoma neno kwa neno, kidole kikifuata, kisha akaikunja akaitia kwenye leso, pale ilipokuwa tarehe.

Na siku ile ya pili ya upasuaji ilipofika, kadi ilikuwepo, imepigwa mihuri mitatu. Daktari Nekoye aliitazama, akasugua mikono, akasema, "Sasa nipeni mtoto wangu." Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Perez aliketi na vidole vyake mapajani, havina cha kupapasa. Opiyo alikuja akaketi karibu, akavichukua, akavishika.

Saa sita kasoro daktari alitoka akiwa amevua kofia, nywele zimelala upande mmoja. "Wengu umetoka mzima," alisema. "Na mwenyewe ni mzima. Ameamka anadai chai."

Opiyo alipiga yowe la furaha ambalo lilimfanya mlinzi achungulie kutoka mwisho wa ukumbi. Jacinta alilia na kucheka. Terry alipiga vigelegele kutoka wodini, wengine wakampokea kitanda hadi kitanda, na Brandon, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha, alipiga chake kibovu kuliko vyote.

Chai ilibidi ingoje mpaka kesho yake. Ilipofika kesho, Jacinta aliiweka chupa juu ya kabati ya kitanda, akakizungusha kizibo bila haraka, kikalia kwiiii wodi nzima ikasikia.

"Panya," Emmaculate alisema kwa sauti ya kukwaruza, akanyoosha mkono kupokea kikombe.

Chini ya bandeji, tumbo lake lilikuwa limelala sawa. Chale za Seline zilikuwa bado pale juu kidogo ya kidonda kipya, na Perez alifurahi kwamba daktari alikuwa amezikwepa. Akirudi kwake atamweleza Seline kila kitu, taratibu, wakiwa wawili tu, na atamwambia kwanza kwamba mtoto anasalimu.

Siku ya kutoka, Daktari Nekoye aliwaeleza mambo ya mbele: dawa ya kunywa kila siku, homa yoyote iletwe siku hiyo hiyo, chanjo nyingine zifuate kwa tarehe zake. Opiyo aliandika zote kwenye daftari lake la friji. "Hizi nazo lazima?" aliuliza.

"Lazima."

"Nilitaka tu kusikia ukisema," alijibu, na wote wawili wakacheka.

Brandon aliwasindikiza mpaka mlangoni, amebeba begi. "Hapa huwa hatusemi karibu tena," alimwambia Emmaculate. "Nisikuone. Nikikuona nitakukimbiza."

"Na wewe huwezi kukimbia," mtoto alisema. "Nilikuona ukinibeba."

Walikuwa wamefika kwenye ngazi waliposikia viatu vikija mbio nyuma yao. Daktari Nekoye alikuwa ameshika fomu mkononi, anatweta.

"Dani Perez! Alhamisi wanakuja wengi, kuna kina bibi wanatoka mpaka Seme. Brandon anauliza vizuri, lakini wewe wanakuambia ukweli." Alishusha pumzi. "Tafadhali, njoo tena. Saa tatu. Njoo bila mgonjwa."